Mpangaji Katika Nyumba Yangu Mwenyewe

Aabo Hodan,

Salamu chukua kwa mama yako, anazo nyingi na zimeiva vizuri. Mimi nilicho nacho ni kikombe. Unakikumbuka, kile kilichovunjika siku uliporudi na barua yako ya ualimu ukatuambia umepangiwa Banissa. Mkono uliruka, chai ikamwagika, nikasema ni moto. Ukanicheka: "Aabo," neno hilo hilo la baba ninalokurudishia na mimi, "umezeeka, hata chai inakushinda kushika." Nikaukubali uzee. Afadhali kusingiziwa uzee kuliko kuulizwa ukweli. Ile chai ilikuwa imepoa zamani, mwanangu. Kilichonichoma ni jina la mji.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua hapo pia utacheka. Baba Msomali, binti Msomali, barua Kiswahili. Lakini herufi zangu zote nilizipata darasani, na mwalimu aliyenichapa mpaka nikazijua alitoka bara, hakuwa na Kisomali hata cha kuombea maji. Nilitoka darasa la nne kumtafuta ngamia aliyepotea. Ngamia akapatikana, mimi sikurudi. Mengine nilijifunza juu ya lori nikiwa utingo, kwa kusoma maandishi ya magunia na vibao vya barabara. Kwa hiyo ukiona nimekosea, mwalimu, weka alama yako nyekundu halafu uendelee kusoma. Usiishie njiani. Jambo lenyewe liko mbele, na mimi mwenyewe nalisogelea kwa kunyata.

Sasa hivi mko uani mnafunga mizigo. Namsikia mama yako akikuambia uchemshe maji, usilale mlango wazi, usikubali kukaa juu ya magunia hata utingo akiapa kwamba mbele kumejaa. Hayo ni yake, amwachie nani. Mimi nataka kukuambia habari ya nyumba hii unayoiacha kesho. Nyumba hii si yetu yote, pengine si yetu kabisa, na mwenye fungu lake anauza chai huko unakokwenda.

Haya, nimeshasema. Nilidhani kalamu itavunjika.

Umekua ukiniona na vituko vyangu ukadhani ni vya kuzaliwa navyo. Mtu akipiga hodi sikimbilii kufungua. Nainama kwanza, natazama chini ya geti miguu ya aliyekuja. Wewe na kaka yako Abdi mlikuwa mkiniiga, mnalala kifudifudi mchangani mkitangaza: "Viatu vya askari! Ndala za jirani, amekuja kuomba chumvi tena!" Mkiniuliza, nilisema namkwepa mtu anayenidai mbuzi. Hakuna mtu aliyewahi kunidai mbuzi. Wangekuwa mbuzi ningelipa nikalala.

Nilinunua nyumba hii ukiwa tumboni. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja hapa hapa mtaa wa Iftin, Garissa, kwa mtu aliyefunga choo kwa kufuli. Ufunguo aliutia mfukoni mwa kanzu, na kanzu akaenda nayo msikitini, sokoni, matangani, popote. Mama yako na mimba yake alikuwa akisimama mlangoni kama mtu anayesubiri basi. Siku moja alinitazama tu. Wewe unamjua mama yako akinyamaza. Nikaapa kwamba mtoto wangu hatazaliwa katika boma lenye kufuli la choo.

Ndipo nikasikia Shide anauza. Shide alikuwa mtu mcheshi mwenye pua, na nasema pua. Ilikuwa inaingia hotelini kwanza, yeye anafuata. Mama yake alikuwa mjane muuza maziwa, na ploti hii alipewa yeye, kwa jina lake. Akajenga vyumba hivi viwili vya udongo, akapaua mabati, akapanda mwarobaini uani. Alipokufa aliacha watoto watatu: Shide na dada zake wawili, Ebla na Dahabo.

Tulikaa hotelini, Shide, mimi, mzee mmoja wa mtaa na wanywa chai ambao hawakuitwa lakini walisogeza viti.

"Walaal, ndugu yangu, mimi ndiye mwanamume peke yake katika nyumba ile," Shide akasema.

"Na dada zako?"

"Wameolewa. Ebla yuko Banissa, upande wa Mandera, na mifugo. Dahabo mumewe alimvusha mpaka wa Somalia, siku hizi hajulikani aliko. Nyumba ya Garissa wataifanyia nini, wataipakia mgongoni mwa ngamia?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana mnunuzi hodari hucheka.

"Lakini wenyewe wamesemaje?"

"Wamesamehe."

Unajua neno hilo linavyofanya kazi kwetu. Mungu amempa binti fungu lake, liko kwenye Kitabu, hakuna anayebisha. Halafu sisi wanaume tunakaa tunamsubiri alisamehe, na akichelewa tunamsaidia kulisamehe akiwa hayupo. Nilitaka kumuuliza Shide: walisamehe lini, mbele ya nani, na huyo asiyejulikana aliko alisamehea wapi? Swali lilikuwa limeshafika kwenye meno. Yule mzee akasema, "Basi, Fatiha."

Na wewe unajua, Fatiha ikishasomwa juu ya jambo, jambo limekwisha. Anayeuliza baada ya hapo ni mtovu wa adabu, kama amefungua tena kaburi. Nilikuwa na nafasi ndogo tu, ya kusema "Ngoja kidogo, mzee." Badala yake nilinyanyua mikono kabla hata mzee hajafumba macho. Watu wakadhani ni uchamungu. Nilikuwa nawaza choo.

Nikarudi kwa mama yako nikiruka kama ndama.

"Nimenunua nyumba."

"Kwa nani?"

"Kwa Shide."

"Shide si mwanamume?"

"Naam, ana na ndevu."

"Tangu lini mwanamume akauza nyumba?"

Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Mama yako alikuja kwangu na aqal yake, nyumba ile ya miti ya kukunja na mikeka, iliyofumwa na mama yake na shangazi zake miezi mingi kabla ya arusi. Aliifunga yeye, aliifungua yeye, aliipakia ngamia yeye. Akikasirika angeweza kuibomoa asubuhi akaniacha nimekaa juani juu ya jamvi langu. Ndivyo kwetu: katika aqal mwanamume ni mgeni anayelala. Nikamwambia, mke wangu, hiyo ni miti na mikeka, hii ni ya mabati, imekaa ardhini.

"Kwa hiyo ikigongwa misumari," akasema, "inabadilisha mwenyewe?"

Nimekuwa na miaka yote ya umri wako kutafuta jibu la swali hilo.

Nilikwenda kanso, ofisi ya mji, kuandikisha ploti kwa jina langu. Karani alikuwa kijana mpole, na wapole ndio wabaya.

"Mzee, ploti hii ni ya mama fulani, marehemu. Ana warithi watatu. Walete."

"Mmoja ameniuzia, wawili wamesamehe."

"Vizuri sana. Walete waseme hapa kwamba wamesamehe."

"Wako mbali, kijana wangu."

"Mimi sina haraka, mzee. Na ploti haitembei."

Nilirudi kwake nimevaa kofia, nikarudi bila kofia, nikarudi na mzee wa mtaa aliyeshuhudia. Kila mara anatabasamu, ananiuliza dada wako wapi. Nikaenda kumtafuta Shide aje aseme yeye. Shide alikuwa ameshateremka pwani, na tukasikia amefia huko. Ulimi uliosema "wamesamehe" ukazikwa nao. Nikabaki na nyumba, mke, Abdi mdogo, mtoto mchanga, choo kisicho na kufuli, na hofu.

Nataka uelewe hofu yenyewe, maana umekaa nayo chumba kimoja bila kujuana. Jirani zetu wote walijenga kwa mawe. Mimi nilisema udongo ni baridi, udongo ni afya, mawe yanaleta joto. Mlinicheka, na mama yako hakuwakanya. Uongo mtupu. Nani atajenga kwa mawe juu ya neno la marehemu? Kila nilipokuwa na chochote mkononi niliwaza: nitapiga sakafu ya saruji, kesho atakuja mtu aseme ahsante kwa sakafu, sasa tokeni. Na watu walipoanza kuvuka mpaka kwa wingi, wakikimbia vita, mimi nilikuwa nikienda kusimama yanaposhushia malori. Mlinisifu kwa majirani, Aabo ana huruma, anapokea wageni. Mwanangu, nilikuwa natafuta pua kama ya Shide. Mtu ameacha nyumba inaungua nyuma yake, ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na mimi namtazama pua nione kama ndiye Dahabo amekuja kunitoa. Hofu ikikaa sana ndani ya mtu humfanya mnyama. Naliandika hilo bila mzaha, ingawa unajua mzaha ndio mkate wangu.

Ebla alikuja ukiwa darasa la saba.

Hodi ilipigwa alasiri. Nikainama, nikaona miguu ya mwanamke, ndala zimekatika zikashonwa kwa waya, vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo. Nikashusha pumzi. Wanawake wa malori nilikuwa nawavizia nikiwa nimejiandaa. Hapa getini niliyekuwa namngoja ni mwanamume: mume wa mmoja wao, mtoto wa kiume aliyekwisha ota ndevu, mzee wa ukoo na bakora yake. Niliamini kabisa kwamba haki ya wanawake italetwa na viatu vya wanaume. Kwa hiyo yule mwanamke nilimfungulia geti lote, kwa tabasamu na karibu ndani.

Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mwarobaini akaweka kiganja kwenye shina.

"Umekua," akauambia mti.

Kisha akageuka, na pua nikaiona.

"Nyumba hii ni ya nani siku hizi?" akauliza, sauti ya taratibu, kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

Mimi, baba yako, ambaye nimewahi kumfukuza fisi kwa jerikeni ya mafuta, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mimi? Mimi ni mpangaji tu, abaayo, dada yangu."

"Na mwenyewe?"

"Amesafiri."

"Atarudi lini?"

"Hajulikani aliko."

"Kumbe na yeye," akasema.

Aliomba maji, na wewe ndiwe uliyemletea. Akakuuliza jina lako na darasa lako, akakufungua mtandio uliokuwa umekaa upande akakufunga upya, na wewe ambaye hukubali kuguswa kichwa ukatulia. Akatwambia, akiwa amesimama na kikombe, kwamba mama yake alimuuza ngamia wa kubebea aqal ndipo akapata mabati haya. Akagusa ukuta. "Udongo huu tulikandika sisi mabinti. Shide alikuwa anacheza mpira." Akakurudishia kikombe. Mlangoni akaniambia, "Mwambie mwenye nyumba, akirudi kutoka huko asikojulikana, asikate mti."

Akaondoka. Alijua. Nilimwona kwa nyuma jinsi alivyojua, kwa namna alivyolirudisha geti taratibu lisipige kelele.

Mama yako alikuwa jikoni amesikia yote. Alitoka akipangusa mikono kwenye dera lake, akasimama mbele yangu. "Mpangaji," akasema, "kodi iko wapi?"

Sasa umejua. Miaka yote umemsikia akiniita mpangaji: mpangaji, chakula tayari, mpangaji, bati linavuja, muulizeni mpangaji kama amesali. Mlicheka, nami nikacheka nanyi, ukawa mchezo wa nyumbani. Kila alipotamka, mimi nilikuwa nimesimama tena pale uani mbele ya yule mwanamke, na ulimi wangu mwepesi.

Na mti pia umeujua. Mvua kubwa za mwaka jana zilipoulaza juu ya paa la jiko, majirani wakaja na mashoka, mimi nikasimama mbele yao kama mtu anayetetea mkwe. Nikautegemeza kwa magogo, nikaufunga kamba za lori. Abdi akawaambia watu, "Aabo ameoa mti." Lilikuwa agizo moja tu nililopewa na mwenye mali. La kuwaita warithi lilinishinda, la kusema kweli lilinishinda, nikasema basi la mti nitaliweza.

Ningeweza kufa hivyo hivyo, Hodan, nikiwa nainama chini ya geti. Mtu huzoea. Lakini wiki ile ile ya kikombe nilishikwa na homa, unakumbuka, ukanikalia usiku na kitambaa cha maji. Kuna mchana mmoja ulikwenda dukani ukaniacha barazani nimejifunika shuka. Abdi na rafiki yake wakaingia uani, wakadhani nimelala. Nikamsikia Abdi akipima kwa hatua.

"Hapa mbele duka. Pale stoo. Ukuta huu tunaangusha, tunapandisha mawe."

"Na dada yako?" rafiki akauliza.

"Hodan? Ataolewa huko huko Banissa. Nyumba ya Garissa ataifanyia nini? Atasamehe tu."

Mwanangu, homa ilikauka palepale. Abdi hamkumbuki Shide. Shide alikufa Abdi angali mtoto mdogo. Maneno yale hakufundishwa na mtu, aliyaokota hewani kama tulivyoyaokota sote, na yalitoka na sauti ile ile, ya mtu mwema asiye na haraka. Maana Abdi si mbaya. Ndiye aliyekubeba mgongoni kwenda sindano. Shide naye hakuwa mbaya, alikuwa mcheshi, nimekuambia.

Nikasema chini ya shuka, "Umemuuliza?"

"Aabo, uko macho?"

"Nimekuuliza, umemuuliza?"

"Hodan si mtu wa kugombania kuta, Aabo."

"Ebla pia hakugombana. Aliomba maji."

"Ebla ni nani?"

Na mimi, wallahi, nikasema ni homa inaongea. Nikajifunika tena. Ona basi mtu uliyepewa kuwa baba.

Tangu siku hiyo hofu yangu imebadilika sura. Zamani nilimwogopa mwanamke akiingia getini kututoa. Sasa namwona mwanamke huyo, ndala zake zimeshonwa kwa waya, anaweka kiganja kwenye mwarobaini, anageuka, na pua si ya Shide. Ni yangu. Ni wewe. Na mtoto wa Abdi anainuka pale barazani anakuambia yeye ni mpangaji tu.

Jioni hii nilipokaa kuandika, karatasi ya kwanza niliichana. Nilikuwa nakufundisha uongo. Unajua huko kaskazini hutavuka mlango wa kwanza kabla hujaulizwa wewe ni binti wa nani. Watakuuliza baba, watakuuliza babu, watapanda nawe mpaka juu ya mti wa ukoo wakuteremshe upande wa pili. Kabla hujapata chaki, Ebla atakuwa ameshajua ni binti wa nani amekuja. Kwa hiyo nilikuandikia useme wewe ni binti wa ndugu yangu wa Masalani, kwamba Garissa ulipita tu. Niliandika vizuri, kwa hati nzuri kuliko hii. Kisha nikaona nakufanya nini. Nakutuma kwenye kazi yako ya kwanza ukiwa mpangaji katika jina lako.

Nimeichana. Wakikuuliza, taja jina langu, lote, na lile la utani la utingo ulitaje, maana huko barabarani ndilo wanalonijua.

Kisha nenda kwa Ebla. Mama yako anasema hoteli yake iko karibu na soko la mifugo. Ulikuwa hujui, na mimi pia nimejua juzi, kwamba siku ile Ebla alipokuja mama yako alitoka kwa mlango wa nyuma akamfuata mpaka kwenye malori. Hakuniambia alilomwambia, ila wamekuwa wakipelekeana salamu kwa madereva miaka yote hii, juu ya kichwa changu. Mimi nachungulia chini ya geti, wanawake wanapitisha salamu juu yake. Na yale makopo mawili ya nyirinyiri aliyokufungia, uliyolalamika kwamba nyama yote hiyo ya nini: kopo moja si lako.

Kunywa chai yake. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu, huo nitaubeba mwenyewe nikipata pumzi ya kupanda lori. Na usimwombe asamehe fungu lake, tafadhali, hata akikupenda, hata akianza yeye. Muulize tu swali lile nililolimeza hotelini kabla ya Fatiha. Mwambie, "Mama Ebla, nyumba ya mama yenu iliuzwa. Wewe umesemaje?" Halafu unyamaze. Wewe umesomea kusema mbele ya watoto, hili la kunyamaza utajifunza kwake. Muulize na Dahabo, kama kuna aliyemsikia. Hata Ebla akisema tukae humu, hawezi kuliachilia fungu la Dahabo, na mimi sitaki tena mtu wa kumsemea asiyekuwepo. Kama bado hajulikani, fungu lake likae likimngoja hivyo hivyo, hata kama ni chumba kimoja kisichopakwa rangi.

Unadhani siogopi atakachosema? Naogopa mpaka herufi zinalegea, tazama hii mistari. Ninaiogopa barabara pia, na huo msafara wenu wa askari ambao unalinda magari ya mbele na kuyasahau ya nyuma, lakini hiyo ni hofu ya kila mzazi, haina haja ya karatasi. Hii nyingine ni yangu. Huenda akasema tutoke. Ana haki, na mimi sina ukuta wa kuegemea isipokuwa aliokandika yeye. Nimemwambia mama yako hivyo jana. Akasema aqal bado anajua kuifunga, swali ni kama mimi bado najua kulala kama mgeni. Alicheka peke yake. Nami nikatoka nje nikauangalia mti.

Akisema lolote, andika mwenyewe, usimpe dereva alikariri. Nitamwita Abdi, nitamsomea mbele ya mama yake, na safari hii sitajifunika shuka. Na siku nikiondoka, wakikuambia umesamehe, waulize ulisamehe lini. Uliza kwa sauti ya darasani. Ukitaka kusamehe, ni mali yako, sitakukataza kaburini. Lakini lisamehe ukiwa umekaa hapa, na kiatu chako kiko mlangoni, na watu wamekusikia.

Kesho watakusomea Fatiha kando ya lori. Nitanyanyua mikono pamoja nao, hiyo ni ya safari. Ile nyingine, niliyoiwahi kwa pupa nikiwaza choo, nimeirudisha chini. Mikono yangu iko magotini, na itakaa hapo mpaka uniletee neno la Ebla.

Na siku ukirudi, Aabo, piga hodi kama mtu yeyote. Lolote utakalokuwa umelibeba. Nitajaribu kufungua nikiwa nimesimama.

Babako,
mpangaji